Nduru Ikishapigwa

Kosa la kwanza hufanywa kwa upendo. Mwanamke amevamiwa usiku, Nyalenda au Kaptembwa, nduru imepigwa, ploti nzima imetoka nje na tochi za simu, na kabla hajatulia mama mmoja ameshainjika sufuria ya maji ya kumwogesha. Mwingine ameloweka nguo alizokuwa amevaa ili asizione tena. Wa tatu anapiga deki. Dakika 20 za huruma, na karibu kila kitu ambacho hakimu angehitaji kuonyeshwa kimeteremka na maji mtaroni.

Tunawaandikia majirani. Polisi na madaktari wana miongozo yao, wakiisoma wasiisome. Haya ni mambo yanayojirudia Kisumu, Nakuru, Busia, Siaya na Kakamega kwa namna moja mno, hata mtu anaweza kuyatabiri. Hasira ya mtaa haijawahi kupungua. Kinachopungua ni kujua nani afanye nini kabla hakujapambazuka.

Uhai hutangulia kila kitu. Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia ili kuchungulia. Kisu kilichobaki mwilini hakichomolewi, hata kama macho hayawezi kukivumilia, kwa sababu mara nyingi ndicho kinachoziba mshipa. Aliyechomwa kwa petroli au maji moto amwagiwe maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, unga na mayai viache jikoni. Nguo iliyogandamana na ngozi haibanduliwi. Halafu shuka safi, na gari.

Wakati huo watu wawili wawe wamesimama mlangoni. Watu 30 wakiingia chumba cha futi 10 kwa 10, hakuna alama ya kiatu itakayobaki. Akina mama watu wazima ndio wanaofaa kazi hii, maana kijana aliyepandwa na mori atamsukuma kijana mwenzake lakini atasita mbele ya mama wa rika la mamake. Kisu, panga, chupa, kondomu, simu iliyodondoka: visiguswe. Kama tukio lilikuwa nje na mvua inanukia, funika kitu kwa beseni, uweke jiwe juu. Usikiokote ukakipeleka kituoni ukidhani unasaidia. Alama za vidole zitakuwa zako, na wakili wa utetezi atakuuliza ulikitoa wapi, saa ngapi, nani alikuona, na kwa nini akuamini.

Kwa aliyebakwa, maji yasubiri. Asioge, asisukutue mdomo, asipige mswaki, asibadilishe nguo ikiwezekana. Akibanwa na haja aende, hakuna wa kumzuia; ila karatasi aliyojipangusia ihifadhiwe. Akibadilisha nguo, kila moja iingie kwenye mfuko wake wa karatasi: khaki ya dukani, bahasha kubwa, hata gazeti lililokunjwa vizuri. Si plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini nyumba nyingi bado zimeficha mmoja chini ya godoro, na usiku huo ndio hutokea. Unyevu ukifungiwa ndani ya plastiki huleta ukungu, na ukungu huharibu chembechembe za DNA. Nguo iliyolowa ianikwe kwanza ndani, kivulini, ndipo ifungwe. Chupi na nguo aliyokuwa nayo wakati wa tukio visichanganywe na shuka la kitandani, kwa kuwa kitanda kimelaliwa na watu wengine pia.

Na kama ameshaoga? Aende hospitali hivyo hivyo. Kuoga hupunguza ushahidi, mara nyingi hakuumalizi, na dawa hazijali kama ameoga.

Kuna jambo moja ambalo majirani hulidharau kwa sababu halina kelele: nani anamsikiliza. Desturi yetu ni kuzunguka kitanda na kuuliza. Ulikuwa unatoka wapi? Ulimfungulia mwenyewe? Mbona hukupiga kelele mapema? Zaidi ya ukatili wa maswali hayo, kuna hasara ya kisheria. Kila anayesimuliwa anaweza kuitwa shahidi, na mtu aliye katika mshtuko hasimulii kwa mpangilio mmoja mara saba. Matoleo saba yanayotofautiana kidogo ni zawadi kwa upande wa pili. Basi achaguliwe mtu mmoja, ambaye yeye mwenyewe anamtaka, wengine watoke. Huyo mmoja aseme, "Pole dada. Uko nasi, hakuna mtu ataingia hapa," kisha anyamaze. Atakachoambiwa akiandike kwenye karatasi ya daftari usiku huo huo: saa, mahali, na maneno yale yale yaliyotamkwa, kwa lugha ile ile. Kama alisema kwa Kijaluo, yaandikwe kwa Kijaluo. Kutafsiri si kazi yake. Akiwa ni mtoto, hata huyo mmoja asimhoji. Amtulize, kisha apige 116, laini ya watoto.

Karatasi hiyo hupata uzito wa ajabu pale mwathiriwa anapofariki. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali maneno ya marehemu kuhusu kilichosababisha kifo chake. Watu walioungua vibaya mara nyingi huongea vizuri siku ya kwanza, kisha hali huzorota. Mwanariadha Rebecca Cheptegei alichomwa kwa petroli Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, tarehe 1 Septemba 2024, na akafariki Eldoret siku ya 4 baadaye. Aliyembeba mgonjwa wa namna hiyo, aliyeketi naye kwenye gari, ndiye anayesikia maneno ambayo pengine hayatarudiwa tena.

Sasa hospitali, na hapa ndipo saa huhesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, PEP, huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini nazo mapema ni bora. Kisumu watu huenda hospitali ya Jaramogi, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia kwa sababu Wasovieti ndio waliojenga. Nakuru huenda hospitali ya rufaa, ile ambayo wengi bado huiita PGH. Huhitaji kupitia polisi kwanza. Tunalirudia kwa sababu ndilo linalopoteza usiku mzima: mlinzi wa getini au karani akisema "leteni OB kwanza", yaani nambari ya kitabu cha matukio cha polisi, muulizeni nesi wa zamu. Matibabu ya aliyebakwa katika hospitali ya umma ni ya bure na hayasubiri ripoti. Usipojua pa kuanzia, 1195 ni laini ya bure ya dhuluma za kijinsia, usiku na mchana.

Anayemsindikiza awe mtu mwenye subira na kalamu. Abebe nguo za kubadilisha kuanzia za ndani, viatu, leso, maji, chaja, na kitu cha kula, kwa kuwa PEP kwenye tumbo tupu huwachafua moyo wengi. Dozi ni siku 28 bila kuruka. Hospitali nyingi hutoa za siku chache kwanza na kumtaka arudi, na hapo ndipo wengi hupotea: hana nauli, au anaona haya kukaa tena kwenye foleni ile ile, au ameacha vidonge kwa sababu ya kichefuchefu. Mtaa unaotaka kusaidia kweli umlipie boda ya safari hizo, na mtu mmoja amkumbushe kwa ujumbe mfupi usiotaja dawa. Kuna pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, dawa za magonjwa ya zinaa, sindano ya pepopunda kama ana jeraha, na kurudi kupimwa hadi miezi 3 itimie. Ushauri nasaha nao upo, ingawa huwa wa mwisho kutajwa na wa kwanza kuachwa.

Fomu ni mbili, na watu huzichanganya. Fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa hospitalini na daktari, afisa wa kliniki au nesi, mara baada ya uchunguzi. P3, fomu ya ripoti ya majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa na polisi, nayo hujazwa na mhudumu wa afya, mara nyingi kwa kutazama ile PRC. Zote ni za bure. Ukidaiwa pesa za fomu yenyewe, omba risiti. Mara nyingi deni hutoweka. Kabla ya kuondoka, msindikizaji aikague PRC kama anavyokagua risiti ya saruji: jina la aliyejaza limeandikwa kwa ukamilifu, sahihi ipo, muhuri upo, tarehe na saa zipo, mchoro wa mwili umetiwa alama pale palipoumia, sampuli zilizochukuliwa zimeorodheshwa. Baada ya mwaka mmoja na nusu, kesi inapofika, mhudumu aliyejaza amehamishwa kaunti nyingine, na sahihi isiyo na jina haimwiti mtu yeyote mahakamani. Nakala ya mwathiriwa isilale nyumbani kwake, hasa kama aliyemdhuru ana ufunguo wa nyumba hiyo. Ikae kwa dada au kwa mchungaji anayeaminika.

Sampuli zikitoka hospitalini huenda kwa Mkemia wa Serikali, ambaye ana maabara Kisumu pia mbali na Nairobi na Mombasa. Zinapelekwa na polisi. Kazi ya familia ni kuuliza, kwa upole na mara kwa mara, zimepelekwa tarehe gani.

Kituoni, nenda moja kwa moja kwenye dawati la jinsia kama lipo. Kama halipo, mwathiriwa ana haki ya kuomba chumba cha faragha badala ya kusimama kwenye kaunta mbele ya waliokuja kuripoti vitambulisho vilivyopotea. Ombeni maneno yaliyoandikwa kwenye OB yasomwe. Tofauti kati ya "ugomvi wa kinyumbani" na "alishambuliwa kwa panga" ni tofauti kati ya kesi na soga. Nambari ya OB, pamoja na tarehe, iandikwe mahali pawili.

Taarifa yenyewe ina mtego wake. Mwanamke anasimulia kwa Kiluhya kilichochanganywa na Kiswahili, afisa anaandika kwa Kiingereza, na baada ya miezi anasomewa kortini maneno ambayo hakuyasema. Kuna pia lugha yetu ya adabu. "Alinifanyia tabia mbaya." "Aliniharibu." "Alinilalia." Kila mtu anaelewa, lakini ubakaji kisheria ni kitendo mahususi ambacho lazima kithibitishwe. Mahakama za Kenya zimekubali msamiati huu kwa watoto. Kwa mtu mzima, utetezi utaung'ang'ania. Kwa hiyo wakati wa taarifa, na wakati huo tu, haya iwekwe kando. Viungo vitajwe kwa majina yao. Dada wa dawati amesikia yote. Taarifa isomwe kwa lugha anayoielewa mwathiriwa kabla hajatia sahihi, na palipokosewa parekebishwe pale pale.

Hadi hapa tumezungumzia watu wanne au watano. Wale wengine 25 waliobaki uani wanafanya nini?

Mara nyingi wanamtafuta mshukiwa. Mtu amesema jina, mwingine amesema "hata mimi nilimshuku", na dakika 10 baadaye kundi la vijana wa boda limewasha pikipiki. Hatutawahubiria kuhusu utu wa mshukiwa; kwa saa hiyo hakuna anayesikiliza. Tutazungumza hesabu. Mshukiwa akiuawa, hakuna kesi ya ubakaji tena, kuna kesi ya mauaji, na washtakiwa ni waliokuja kusaidia. Mwathiriwa anageuka kuwa sababu ya vijana wa watu kufungwa, na mama zao wanakaa ploti moja naye. Akiwa si yeye, aliyefanya yuko kwenye matatu ya asubuhi, anacheka.

Kuchoma nyumba ya mshukiwa ni mtindo wa vijijini zaidi, kuanzia Siaya hadi Butere. Ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na shati lenye damu, simu, viatu vilivyolingana na alama za uani. Vyote majivu. Tena nyumba ya mtu kijijini imo ndani ya boma la babake. Mama ya mshukiwa, ambaye usiku huo alikuwa tayari kuwaambia polisi kwamba mwanawe amekimbilia kwa mjomba, sasa amelala nje na wajukuu. Hatawaambia lolote. Tumeona ushahidi mzuri zaidi ukitoka kwa jamaa za mshukiwa wenyewe, na tumeuona ukizimwa kwa kiberiti kimoja.

Mshukiwa akikamatwa na raia, sheria inaruhusu kumshika na kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Mikono ifungwe, asivuliwe nguo wala kuoshwa damu. Nguo zake ni ushahidi sawa na za mwanamke. Wazee wawili wakae naye, mmoja apige 999 au 112, mwingine aandike saa waliyopiga.

Picha yake isitumwe. Hili vijana hawalielewi hadi waelezwe kwa nini. Kama mwathiriwa hamjui mshambuliaji, polisi wataandaa gwaride la utambuzi, mshukiwa akiwekwa kati ya watu wasiopungua 8 wanaofanana naye. Likifanyika baada ya picha yake kuzunguka kwenye kila kundi la WhatsApp la mtaa, utetezi utauliza tu: shahidi, ulimtambua kwa kumbukumbu au kwa simu? Na picha ya mwathiriwa, hata iliyofunikwa macho, hata yenye nia ya kuomba maombi, haina kazi yoyote. Mtaa humtambua mtu kwa leso yake, kwa pazia lililo nyuma yake, kwa mtoto aliyembeba. Kiongozi wa kundi afute na aseme hadharani amefuta.

Mchango ukihitajika, ujumbe uwe mfupi: "Jirani yetu mmoja anahitaji msaada wa hospitali na makazi." Jina lisiwepo. Pesa ziingie kwenye laini ya mweka hazina wa chama kilichopo tayari, si laini ya mtu aliyejitokeza usiku huo. Matibabu ya kubakwa ni bure, kwa hiyo pesa zina kazi nyingine: nauli, chakula cha wiki mbili asizoweza kwenda kibandani, komeo jipya na kufuli, kodi ya mwezi mmoja mahali pengine kama mshambuliaji anajua mlango wake. Komeo lisicheleweshwe. Watu huchanga elfu nyingi za wakili ambaye kwa hatua hiyo hahitajiki, maana kesi ya jinai huendeshwa na mwendesha mashtaka wa serikali, huku mlango ukiwa umefungwa kwa waya. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ina ofisi Kisumu na hushauri wanawake bila malipo. Fedha za wakili zinaweza kusubiri.

Baada ya siku tatu au nne, hasira zikipoa, huja wazee.

Huja na sukari, unga, na sauti ya chini. Anayeongea huwa shemeji wa mbali au mzee wa kijiji mwenyewe. "Mama, kijana amekiri, amejuta, na babake yuko tayari na ng'ombe wawili. Tusimwaibishe msichana kortini." Familia husikiliza kwa sababu ina njaa ya kumaliza, na kwa sababu kesi ni nauli na siku za kazi zilizopotea. Hatuwalaumu haraka. Lakini wajue kuwa katika makosa ya kingono hakuna mzee, chifu, wala hata mzazi mwenye mamlaka ya kufuta. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaliweka jukumu la kusimamisha mashtaka au upelelezi mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma peke yake. Ubakaji una kifungo kisichopungua miaka 10, ubakaji wa genge 15, na anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Ng'ombe wawili hawabadilishi hata mstari mmoja wa hayo. Wazee huchanganya kesi hizi na za makofi na matusi, ambazo kweli hakimu anaweza kuwahimiza watu wapatane. Jibu linalowashinda bila kuwavunjia heshima ni hili: "Mzee, tumewasikia na tunawaheshimu. Faili hii sasa ni ya serikali. Hata sisi hatuna ufunguo wake." Kisha tarehe ya ziara, majina na kiasi kilichotajwa viandikwe na kupelekwa kwa mpelelezi.

Busia ilikwisha kuufundisha ulimwengu gharama ya njia ya mkato. Mwaka 2013 msichana alibakwa na kundi la vijana akitoka mazishini, na adhabu waliyopewa kituoni ilikuwa kukata nyasi, kisha wakaachiliwa. Kilichofufua faili ni sahihi za watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2015 watatu walihukumiwa miaka 15 kila mmoja.

Ndiyo maana maandamano tunayaheshimu, kwa kipimo. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake walijaza barabara za Nairobi, Kisumu, Nakuru na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na tangu hapo ni vigumu kwa afisa kusema "hayo ni mambo ya nyumbani" bila kutazama nyuma. Maandamano ya mtaa hufaa faili inapokwama. Hayafai siku ya pili, mpelelezi akiwa bado anawatafuta mashahidi kimyakimya. Notisi hupelekwa kwa mkuu wa kituo siku 3 hadi 14 kabla. Bango libebe nambari ya OB na swali: sampuli zimepelekwa lini? Jina la mwanamke lisiandikwe. Kabla ya barabara, jaribuni barua kwa ofisi ya mashtaka ya kaunti. Ni ukurasa mmoja, una nambari ya OB, na huwasumbua kuliko firimbi. Kama tatizo ni polisi wenyewe, IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, wanapokea malalamiko, nao wana ofisi Kisumu.

Palipotokea kifo, mambo ni machache lakini hayana marudio. Mwili usioshwe nyumbani. Kwenye mochari, ndugu aulize kabla ya kutia sahihi: je, mmedunga formalini? Ikidungwa kabla ya uchunguzi huvuruga vipimo vya sumu na mengine. Uchunguzi wa maiti unahitaji watu wawili wanaomjua marehemu vizuri kuutambua mwili, na afisa wa polisi awepo. Wawili hao wachaguliwe kwa uthabiti wa moyo. Mama mzazi asiwe mmoja wao. Waombe kucha zichukuliwe sampuli, kwani aliyepigana hubaki na ngozi ya adui chini ya kucha. Kwa familia za Kiislamu za Bondeni au Manyatta zinazotaka kuzika siku hiyo hiyo, zungumzeni na mpelelezi usiku ule ule ili daktari apatikane asubuhi. Kuharakisha uchunguzi kunawezekana, kuuruka hapana.

Halafu dhamana. Hakuna siku inayovunja mtaa kama hiyo. Mshukiwa alifikishwa kortini ndani ya saa 24 kama Katiba inavyotaka, kesi imetajwa, na wiki inayofuata yuko kwenye kibanda cha chapati anakunywa chai. Mtaa mzima unasema hakimu amekula. Huenda, lakini kwa kawaida ni Kifungu cha 49 cha Katiba, kinachompa kila mshukiwa dhamana pasipokuwa na sababu nzito za kumnyima. Sababu nzito huletwa, hazijileti. Kama amemtumia mwathiriwa ujumbe, kama nduguze wamepita mlangoni wakikohoa kwa maana, hayo yaripotiwe na kuingia OB kila yanapotokea, na mwendesha mashtaka apewe nambari hizo kabla ya ombi la dhamana kusikizwa. Mwathiriwa mwenyewe ana haki ya kusikizwa siku hiyo. Akipewa dhamana yenye sharti la kutomkaribia, ukiukaji mmoja uliorekodiwa unaweza kumrudisha rumande. Na kama ni mume au mpenzi, hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya dhuluma za kinyumbani, hata kesi ya jinai ikiwa bado.

Kesi hizi huchukua miaka. Mashahidi hukauka mmoja mmoja: mama wa kwanza kusikia nduru amerudi Ugenya, kijana wa boda amebadilisha laini, msimamizi wa ploti hataki ugomvi na mwenye nyumba. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyebakwa peke yake, ikimwamini na kuandika sababu zake, kwa mujibu wa Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi. Lakini kusimama peke yake mbele ya wakili wa mtu, ukumbi umejaa upande wa pili na upande wako benchi tupu, ni mzigo unaowafanya wengi wasirudi. Asipotokea, faili hufungwa.

Kwa hiyo tarehe ziandikwe kwenye kalenda ya chama, ile ya ukutani, kwa alama tu na si kwa jina. Siku ya kutajwa, mtu mmoja anatosha, akasikie tarehe inayofuata. Siku ya kusikizwa waende wanne. Mmoja akae nje na mtoto wa mwathiriwa kama kalazimika kuja naye. Mashahidi hawaruhusiwi ukumbini kabla ya zamu yao, kwa hiyo wasiwe ndio wanaojaza benchi. Wafike saa mbili asubuhi, wavae nguo za heshima, wazime simu, wasigune hata utetezi ukisema uongo wa wazi. Na kama tarehe imeangukia siku ya soko, kibanda cha mama anayeenda kishikwe na jirani hadi jioni, na sukuma zake ziuzwe kwanza.